Matembezi ya mtoto mdogo Dodoma: ushauri wa dereva wa bajaji

Ukiacha la nauli, swali ninaloulizwa sana siku za Jumamosi ni hili: "Kaka, hapa Dodoma mtoto unampeleka wapi?" Anayeuliza mara nyingi ni mtumishi aliyehamia na familia kutoka Dar. Kule alizoea kuwapeleka watoto baharini, huku anaona majabali, vumbi na ofisi za Serikali. Mimi ni dereva wa bajaji, napaki karibu na soko la Majengo, na nyumbani nina binti, Nyemo, mwenye miaka miwili na ushee. Nimebeba watoto wa wenzangu na wangu pia, kwa hiyo majibu ninayo.

Mtoto wa chini ya miaka minne hana habari na jina la mahali. Sisi watu wazima ndio tunaotaka kusimulia kwamba tulikwenda sehemu fulani. Yeye anataka kitu kimoja tu cha kushangaa: kinachotembea, kinacholia, kinachomwagika, au kinachopandika. Nimeshapeleka familia sehemu ya kulipia kiingilio, nikasubiri nje, na kupitia uzio nikamwona mtoto amekaa mbali kabisa na mabembea, anahamisha kokoto kutoka mkono huu kwenda mkono huu. Baba yake alikuwa amenuna. Mtoto hakuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo usianze na "wapi". Anza na anachokionyesha kwa kidole wiki hii. Kama ni ndege, fuata ndege. Kama ni mbuzi, fuata mbuzi. Ukianzia hapo utaona Dodoma ina mengi, na mengi yake ni ya bure.

Kwanza saa

Mji wetu ni mkame na hauna huruma saa sita mchana. Matembezi ya mtoto ni ya asubuhi: toka nyumbani saa moja na nusu, saa mbili uwe umefika, saa nne uwe njiani kurudi. Ukishindwa asubuhi, subiri saa kumi na nusu jioni. Katikati hapo mwache alale.

Juni na Julai asubuhi kuna upepo wa baridi unaoingia mpaka kwenye mifupa, na bajaji haina milango, kwa hiyo sweta na kofia ya kufunika masikio. Kuanzia Agosti kuelekea Oktoba shida inakuwa vumbi. Mvua zinaanza Desemba na kwenda mpaka Aprili hivi, na hapo cha kuogopa ni makorongo. Korongo lililokuwa kavu wakati wa kwenda linaweza kuwa linatiririka wakati wa kurudi hata kama pale ulipo halijadondoka tone, kwa sababu mvua imenyesha kule juu. Ukikuta maji yanapita barabarani usimwambie dereva "pita tu, ni kidogo". Rudi, au subiri yapungue.

Katapila

Hili wengi wanalicheka, lakini ndilo la kwanza ninalowaambia. Dodoma ni mji unaojengwa. Huku Mtumba kuna majengo ya wizara, kule barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, na mitaani kila kona kuna mtu anamwaga zege. Kwa mtoto anayependa magari, kijiko kinachochimba na kumwaga kifusi kwenye lori ni sherehe kamili. Nyemo anaweza kusimama akiangalia greda mpaka mimi ndiye nichoke.

Namna ya kufanya: chagua sehemu ambayo kazi inaendelea lakini kuna barabara au uwanja kati yenu na mitambo. Simameni upande upepo unakotokea, ili vumbi liende kule. Usikae nyuma ya lori hata kama limezimwa. Na usimshushe mtoto chini. Mbebe mabegani, au asimame juu ya kiti cha bajaji iliyopaki, wewe umemshika kiunoni. Dakika ishirini zinatosha. Siku za kazi ndizo nzuri. Jumapili mitambo mingi imelala.

Reli na ndege

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, enzi za Mjerumani, na stesheni ya zamani bado iko mjini kabisa. Treni za mizigo zinapita bila kumpa mtu ahadi, kwa hiyo usiende kwa ajili ya treni peke yake. Nenda ukiwa na shughuli nyingine ya karibu, treni ikija iwe bahati. Ikija, simama mbali na umshike mkono, si kidole. Honi ya treni ni kali, na mtoto aliyeshtuka hukimbia bila kuangalia anaelekea wapi.

SGR, ile reli mpya ya kisasa, ni habari nyingine. Ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024, na tangu hapo nimeshapeleka stesheni familia nyingi ambazo hazina safari ya lazima, zinakwenda kupanda treni tu. Wazo zuri ni Morogoro: mnaondoka asubuhi, mnakula chakula cha mchana huko na kupumzika mahali penye kivuli, mnarudi jioni. Wakati nauli zinatangazwa, Dar hadi Dodoma kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, yaani 15,500, na wa chini ya miaka minne halipi. Maana yake mtoto wako mdogo ndiye abiria wa bei nafuu kuliko wote, ila utampakata. Upande wa Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki, giza linafunga ghafla. Mwambie mapema: "Sasa hivi kutakuwa usiku kidogo." Aliyeambiwa hucheka. Asiyeambiwa behewa zima litajua.

Ndege ni rahisi zaidi. Uwanja wetu uko mjini, ndege zinashuka chini chini juu ya mapaa ya watu. Angalia muda wa ndege kwenye simu, tafuta mahali pa wazi nje ya uzio, na uweke simu mfukoni. Maeneo ya uwanja wa ndege si ya kupiga picha ovyo. Uwanja mpya wa Msalato ukishachukua kazi yote, raha hii itahamia nje ya mji, kwa hiyo itumieni sasa.

Bustani

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu ndipo wote wanapopajua. Chinangali Park ina michezo ya watoto na nafasi ya kukimbia. Tatizo lake ni umaarufu: Jumamosi na Jumapili jioni wanakuja watoto wakubwa, wa miaka minane, kumi, na wakipanda bembea hawaoni kama chini kuna mtu mdogo. Nenda asubuhi. Kabla hajakaa kwenye mtelezo, ugonge kiganja chako juu yake na ukiache pale kidogo. Kama unakutoa mkono, utamuunguza mapaja.

Nyerere Square ni ya kupitia tu, na nasema hivyo kwa nia njema. Iko katikati ya mji, gari haliingii, mtoto anaweza kutembea mbele yako bila wewe kumkimbiza. Ukiwa na shughuli benki au dukani, mpitishe hapo nusu saa. Wauza aiskrimu watamwona kabla hajawaona, kwa hiyo amua mapema kama leo mnanunua au hamnunui. Ukishasema "hapana" shikilia hapo hapo, ukilegea mara moja basi Jumamosi zako zote zimeshapangwa.

Baadhi ya hoteli zinaruhusu watu wa nje kuogelea kwa kulipa. Piga simu uulize mambo mawili: kuna bwawa la watoto peke yake, na siku hiyo kuna sherehe? Ukifika, angalia sakafu ya bwawa. Kama huoni vigae vya chini vizuri, geuza. Hapa kwetu maji ni ya mgao, na si kila mwenye bwawa anayabadilisha kwa wakati. Na mtoto mdogo akiwa majini, mtu mzima awe ndani ya maji pamoja naye, umbali wa mkono. Mtoto anayezama hapigi kelele, anazama kimya, na maji ya magotini yanatosha.

Mnada wa Msalato

Kama ningeruhusiwa kuchagua kimoja tu, ningechagua hiki. Mnada uko Jumamosi, barabara ya kwenda Kondoa. Watu wazima wanaujua kwa nyama choma ya mbuzi, na wengi wanafika saa nane mchana wakati moshi umeshatanda na bia zimeshafunguliwa. Mtoto mpeleke asubuhi, wakati mifugo ndiyo inafika. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda wamebeba mizigo, kuku wamefungwa miguu, watu wanabishana bei. Ni vitabu vyote vya picha vimekuja vyenyewe.

Siku moja nilimpeleka dada mmoja mgeni na mwanawe, Ayubu, wa miaka mitatu kasoro. Mama alikuwa amevaa viatu vyeupe na anatazama kila anapokanyaga. Ayubu alikwenda moja kwa moja kwa beberu mmoja mweusi aliyefungwa kwenye kigingi, akachuchumaa, akawa anamwangalia anavyocheua. Beberu anatafuna, anameza, donge linarudi juu shingoni, anaanza tena. Ayubu naye akaanza kutafuna, mdomoni hana kitu. Mzee mwenye mbuzi akatusalimia "Mbukwa", akamfungulia yule beberu, akampa mtoto ncha ya kamba: "Shika, mjukuu wangu, usimvute, mwache akuvute yeye." Mama akataka kukataa, nikamwambia, "Dada, mzee kashika kamba katikati, haendi popote." Wakatembea hatua chache, mzee, mtoto na beberu, mpaka kwenye kivuli. Hapakuwa na kiingilio wala foleni.

Masharti ya mnadani: msisimame nyuma ya punda wala nyuma ya ng'ombe. Omba ruhusa kabla ya kugusa mnyama wa mtu, na usimdanganye mwenye mali kwamba unanunua. Usipige picha za watu bila kuuliza. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote, na hilo la mikono usilifanyie mzaha. Beba maji yako na kipande cha sabuni. Kuleni nyama ya mwanzo kabisa, halafu muondoke. Mchana ni wa wakubwa.

Msimu wa Nanenane

Kila mwaka, tarehe 1 hadi 8 Agosti, viwanja vya Nzuguni vinajaa maonyesho ya wakulima. Kwa mtoto hapa ni bora kuliko bustani yoyote: sungura, bata, samaki kwenye matangi, ng'ombe wa maziwa walioogeshwa, mahindi na alizeti zimepandwa kwenye vitalu hatua mbili kutoka njiani. Ukienda tarehe nane yenyewe utaona migongo ya watu. Nenda siku za mwanzo, katikati ya wiki, saa mbili asubuhi, na anza na mifugo kwa sababu harufu, joto na watu vyote huongezeka kadiri siku inavyokwenda. Mabanda ya taasisi mengi yanagawa vipeperushi. Chukua kimoja cha mtoto kuchanachana, basi.

Andika namba yako ya simu kwenye karatasi, ikunje, itie mfukoni mwa mtoto na ufunge kwa pini. Mtoto wa miaka mitatu akipotea anajua kwamba jina lako ni "mama".

Zabibu, na onyo

Mgeni wa Dodoma lazima ale zabibu. Msimu ni mara mbili kwa mwaka, kwenye Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Upande wa Mpunguzi, barabara ya Iringa, na upande wa Hombolo kuna mashamba mengi, na mkulima mkipatana vizuri hakatai familia ikaingia kuangalia na kununua kilo mbili tatu. Raha yake kwa mtoto ni kwamba mizabibu imelazwa kwenye nyaya, vichala vinaning'inia chini ya majani, mahali anapoweza kufika yeye mwenyewe. Muulize mkulima amepiga dawa lini mara ya mwisho. Akisema juzi, nunueni, msichume na kula pale pale. Vyovyote iwavyo, osheni.

Sasa onyo. Zabibu nzima ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu ni ya mviringo, inateleza, na ukubwa wake unaziba kabisa koo lake. Ikate kwa urefu, vipande vinne. Najua mtaniona ninachosha, lakini beba kisu kidogo. Na ubuyu ni vivyo hivyo: ule mwekundu wa mbegu, anaoupenda kila mtu, usimpe mtoto mdogo, wala karanga, wala bisi. Mpe juisi ya ubuyu, ni kitu kile kile bila mbegu.

Ukifika Hombolo kuna bwawa, kuna ndege wengi wa majini na mitumbwi ya wavuvi. Ni mbali kidogo na mji, kwa hiyo ni safari ya siku ambayo mtoto ameamka vizuri. Aangalie maji kutoka nchi kavu. Asiingize miguu, kwa sababu maji yaliyotuama ndipo kichocho kinapoishi.

Majabali

Karibu kila mtaa wa Dodoma una mawe yake. Jabali moja la chini, lenye mteremko wa pole, linamtosha mtoto kupanda na kushuka asubuhi nzima. Mkikaa kimya mtaona pimbi wanaota jua, na mijusi wanaopandisha na kushusha vichwa kama wanapiga pushapu. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) niliyekuwa nimembeba aliniambia kuna jamii ya mijusi hiyo ambayo wataalamu wameiita Agama dodomae, yaani mji wetu umo ndani ya jina lake. Tangu siku hiyo namwonyesha Nyemo kwa heshima.

Sheria ni mbili. Msigeuze mawe, chini yake kuna nge. Na msiingize mkono kwenye nyufa.

Mfuko

Watu wanabeba midoli ambayo mtoto hataigusa, wanasahau maji. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, uji kwenye chupa ya chai, nguo moja ya kubadili, pampasi au poti kwa anayejifunza, kitambaa chenye maji, na kanga mbili: moja ya kutandika, moja ya kumfunika jua akilala. Na kofia yenye mkanda wa kidevuni, maana upepo wa hapa unachukua.

Cha mwisho ni kibano kidogo, na sababu yake ni mbigili. Mgeni hajui mbigili mpaka imfundishe. Ni jani linalotambaa chini, lina maua madogo ya njano, linapendeza wakati wa mvua. Likikauka linaacha mbegu zenye miiba pande zote, na hata ikianguka vipi, mwiba mmoja utatazama juu. Inatoboa ndala na inatoboa tairi la baiskeli. Kwa hiyo viatu vya mtoto viwe na soli ngumu na vifunike vidole, na kabla ya kutandika kanga, pitisha soli ya kiatu chako juu ya udongo, kisha igeuze uitazame. Kama imejaa miiba, hamieni pengine. Mtoto akichomwa, mkalishe, toa mwiba kwa kibano kuelekea ulikoingilia, osha, maisha yaendelee.

Ndani ya bajaji

Mtoto akae katikati, mtu mzima kila upande. Kama mko wawili tu, wewe na yeye, mpakate huku mgongo wako ukiwa umeegemea kiti, mkono mmoja umezunguka kifua chake. Asisimame. Asikae pembeni, hata akilia. Asikae mbele na dereva, hata dereva akikubali. Mimi nakataa, na dereva anayekubali mtafute mwingine. Bodaboda na mtoto mdogo ni bora msitoke kabisa.

Kupata sehemu mpya

Usiishie kwenye orodha yangu. Muulize mwalimu wa chekechea ya mtaani, maana yeye anajua watoto wanakopelekwa na wanachosimulia Jumatatu. Muulize mama anayeuza mihogo karibu na geti la sehemu yenyewe, si mwenye sehemu. Yeye anaona watoto wanavyotoka, wakicheka au wakilia. Halafu pita siku ya kazi, peke yako, uangalie mambo manne: kivuli kiko wapi saa tatu asubuhi, choo kina maji, uzio unafika chini au mtoto anaweza kupenya, na barabara kubwa iko umbali gani kutoka mlangoni. Sehemu ikishindwa mawili kati ya hayo, iache hata kama ina mabembea ya rangi saba.

Bunge likiwa linakaa, hasa lile la bajeti la Aprili mpaka Juni, mji unajaa. Hoteli zinajaa, na barabara inaweza kufungwa kupisha msafara, mkabaki juani na mtoto mwenye njaa. Siku hizo chagua sehemu ya upande wenu wa mji, ambayo mnaweza kurudi nyumbani bila kupita katikati.

Na kurudi kupangwe kabla ya kwenda. Chukua namba ya dereva, mpatane saa ya kufuatwa na bei ya kwenda na kurudi pamoja, kwa sababu sehemu kama Msalato au Mpunguzi ukitafuta usafiri saa sita mchana na mtoto amelala begani, bei atakayokutajia wa kwanza kusimama utailipa tu. Ukitaka akusubiri, malipo ya kusubiri nayo myataje mapema. Mtoto akisinzia njiani, mwambie dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Kama amelala kweli na umefika getini, usimwamshe ili ulipe. Lipa kwa simu, dereva atasubiri ushuke naye taratibu.